Swichi Nyuma ya Mlango

Niliuona mkono wa baba ukipandisha swichi, na bado sikuona kitu. Nilikuwa nimesimama karibu naye, fagio mkononi, macho yangu yakiwa wazi. Lakini jambo ambalo mtu amelizoea tangu utotoni hupita mbele yake kama hewa. Siwezi kusema kwamba nilishuhudia hatari ikiandaliwa. Nilimshuhudia baba akifanya alichokuwa amekifanya kwa miaka mingi, nikaendelea kufagia.

Wakati huo nilikuwa darasa la sita, hapa Rulenge. Baba yangu, fundi Anastazi, alikuwa na karakana ya useremala kando ya barabara inayoelekea hospitali ya misheni. Kila siku baada ya masomo nilipitia hapo, nikabadili sare, nikafagia maranda na kuyajaza kwenye magunia. Mama aliyatumia kuwatandikia kuku. Nikimaliza, nilikaa kwenye benchi karibu na dirisha na kufanya kazi nilizopewa na walimu.

Mafundi walikuwa watatu. Baba mwenyewe, Xavery, ambaye alikuwa rika lake, na kijana mmoja wa Keza aitwaye Fabrice. Fabrice alikuwa mtoto pekee wa mjane Mukeshimana. Alikuwa amesoma chuo cha ufundi, na aliweza kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja, mpaka ukipitisha kidole hapo hujui ubao mmoja unaishia wapi. Aliniita Bwana Afya kwa sababu ya fagio langu. Nilipoingia tu alisema, "Bwana Afya amefika, Akimana mwenyewe. Mzee Xavery, ficha maganda yako ya ndizi."

"Mwache aje," Xavery alijibu. "Mimi nimekuja kufanya kazi hapa, sikuja kugombana."

Katikati ya karakana kulikuwa na mashine ya kupasulia mbao. Ilikuwa meza ya chuma iliyotengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapahapa. Chini yake palifungwa mota, na msumeno wa duara ulichomoza kupitia ufa mwembamba uliokatwa kwenye meza. Swichi yake ilikuwa ukutani, nyuma ya mlango. Ukiipandisha, mashine iliwaka, ukiishusha, ilizima. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba mashine nyingi za kiwandani huwa na swichi inayojizima yenyewe umeme unapokatika, na haziwaki tena mpaka mtu azibonyeze kwa makusudi. Yetu haikuwa hivyo. Ukiiacha juu, ilibaki juu, umeme uwepo usiwepo.

Na umeme ulikatika mara kwa mara. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya karakana yetu. Umeme ukikatika, hakuna aliyeizima mashine, na baba alipotoka aliipapasa swichi nyuma ya mlango kuhakikisha iko juu. Mafundi walitoka nje, wakaketi kivulini, wakanywa uji na kutaniana, kwa utulivu wa watu wenye mlinzi. Umeme uliporudi, msumeno ulianza kuunguruma wenyewe ndani ya chumba kitupu, na sauti hiyo ikawaita kazini.

"Mama mkwe ameita," baba alisema kila mara. "Nani atabaki ameketi?"

Walicheka na kuinuka, kwa kuwa mbele ya mama mkwe mwanamume haketi ovyo. Nami nilicheka. Niliipenda sauti hiyo. Ilikuwa habari njema. Sikuwahi kujiuliza ingekuwaje kama siku moja chumba kisingekuwa kitupu.

Fabrice peke yake ndiye aliyejiuliza.

"Mzee," alimwambia baba siku moja, "chuoni tulifundishwa kuizima umeme ukikatika."

"Chuoni kwenu umeme haukatiki?"

"Unakatika."

"Sasa mlijuaje kwamba umerudi?"

"Tuliacha taa moja imewashwa."

Xavery aliguna. "Taa haina sauti. Nikiwa nimesinzia pale nje, itaniamshaje?"

"Basi usisinzie, mzee wangu."

Wote walicheka. Lakini Fabrice hakucheka kwa muda mrefu. Alisimama na kofia yake mkononi, akasema kwa adabu, "Mzee, naogopa. Wakati umeme haupo mimi huwa nainama pale, natoa vibanzi."

Baba alimtazama, akaona kwamba hatanii. "Haya, mwanangu. Ukiwa wewe ndiye uliye kwenye mashine, izime. Mimi sitaigusa. Nimekuahidi."

Ahadi hiyo niliisikia. Baba aliitimiza kwa muda mrefu kiasi kwamba Fabrice aliacha kuifikiria, na mimi pia.

Siku ya ajali walikuwa wakipasua mbao za miguu ya madawati ya shule moja ya Bisibo. Umeme ulikatika ubao ukiwa nusu. Fabrice aliurudisha nyuma taratibu, akaenda nyuma ya mlango, akashusha swichi. Mara hiyo lori la mbao za paini kutoka Biharamulo likasimama nje na kupiga honi. Fabrice na Xavery wakatoka kwenda kushusha mzigo. Baba alibaki kidogo, akajifuta jasho, akachukua kofia yake. Alipokuwa akitoka, mkono wake ulipanda nyuma ya mlango. Nilisikia "ta", sauti ndogo kabisa. Sidhani kama hata yeye aliisikia. Alikuwa akimwuliza dereva kwa sauti kama barabara imekauka.

Nilifagia chini ya meza. Niliponyanyuka niliona kibanzi kimekwama kati ya meno ya msumeno na ufa wa meza. Nikanyoosha mkono.

"Bwana Afya, hiyo si kazi yako," Fabrice alisema. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, shati limemlowa jasho. "Kitakuchoma. Sogea."

Alinisukuma pembeni kwa kiwiko, kwa upole, jinsi mtu anavyomsogeza mdogo wake jikoni. Akainama. Akatia vidole vyake kwenye ufa.

Umeme ukarudi.

Sitaeleza kwa urefu. Nitasema tu kwamba kabla ya kelele ya Fabrice kufika nje, nilimsikia baba akicheka na kusema, "Mama mkwe ameita." Kisha nikaona uso wake mlangoni, na uso huo sijausahau.

Alifanya yaliyopasa kufanywa. Aliizima mashine, akaufunga mkono wa Fabrice kwa kitambaa safi na kuukandamiza, akauinua juu ya kifua ili damu ipungue, akampakia kwenye pikipiki na kumshikilia mpaka hospitali. Madaktari walifanya walichoweza. Fabrice alipoteza kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia. Kile cha pete kilibaki, lakini hakikukunjika tena.

Karakana ikafungwa. Madawati yakabaki bila miguu. Watu walipita nyumbani kwetu kutoa pole. "Ihangane," walimwambia baba, neno ambalo kwetu husemwa kwa aliyefikwa na msiba, nao wakamshika mkono kama mfiwa. Baba aliitikia kwa kichwa tu. Mama alimwekea chakula, akaja kukiondoa kikiwa kimepoa.

Kisha maneno yakaanza. Nilipokwenda bombani kuchota maji niliwasikia wanawake wawili.

"Alikuwa na simu, nasikia."

"Ndiyo vijana wa siku hizi. Mkono mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye simu."

"Na ni huyohuyo aliyekuwa akiwafundisha wakubwa wake kuzima na kuwasha."

Nilijua kwamba Fabrice hakuwa na simu. Nilikwenda mbio nyumbani kumwambia baba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akitazama viganja vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni bahati mbaya, Akimana. Bahati mbaya haina mwenyewe." Hakuinuka kwenda kumrekebisha mtu.

Siku nyingine alinichukua kwenda hospitalini, alikokuwa akienda kila siku, nikiwa nimebeba chupa ya uji. Fabrice alikuwa amekonda. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe, umelazwa juu ya mto, naye alikuwa akiutazama kwa mashaka. Baba alisimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

"Akimana," Fabrice alisema, "wewe ulikuwepo. Niliizima au sikuizima?"

Kweli sikujua jinsi ya kujibu, kwa sababu nilikumbuka ameizima, na nilikumbuka imewaka, na mambo hayo mawili hayakukaa pamoja kichwani mwangu.

"Najiona kabisa nikiizima," aliendelea. "Mkono wangu unakumbuka. Lakini kama niliizima, ingewakaje? Mzee aliniahidi kwamba hataigusa, na mzee si mtu wa kuvunja ahadi. Basi mkono wangu unaniongopea. Nimelala hapa najaribu kukumbuka mambo mengine, kama nilifunga mlango wa nyumba, kama nilimlipa fundi viatu. Sina uhakika na lolote. Kichwa changu kimeharibika kuliko vidole."

"Mgonjwa asichoshwe," baba alisema bila kugeuka. "Twende."

Tulipokuwa tukitoka, mlango wa wodi ulijifunga nyuma ya baba, na komeo lake likasema "ta". Hapo ndipo nilipoona. Niliuona mkono wa baba, kofia, kiwiko cha shati lake, swichi ikipanda. Niliyaona yote kwa mara ya kwanza, ingawa yalikuwa yamekaa ndani yangu tangu siku ile. Baba alitangulia mbele kwenye njia ya mkato inayopita migombani, nami nikamfuata mpaka nikashindwa kunyamaza.

"Baba, nilikuona."

Alisimama. "Uliniona nini?"

"Kaka Fabrice aliizima. Wewe uliipandisha ulipokuwa unatoka."

Hakunikemea. Ningefurahi kama angenikemea, kwa sababu hapo ningejua kwamba nimekosea.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Mama yako?"

"Hapana, baba."

Kisha akaendelea kutembea. Nilingoja aseme kitu. Hakusema lolote mpaka tukafika nyumbani, wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa ndani ya nyumba ile. Nilimpenda baba, na nilimwogopa. Na kila nilipofikiria Fabrice akihesabu makosa ambayo hakuyafanya, nilihisi kwamba mimi pia namkata. Shuleni mwalimu aliniuliza swali, nikasimama mbele ya darasa bila kulisikia.

Siku moja baba aliniambia nivae nguo safi. Alikuwa ameandaa kikapu chenye sukari, mchele na sabuni. Tulipanda pikipiki mpaka Keza, kisha tukashuka kwa miguu kwenye njia nyembamba mpaka nyumbani kwa Mukeshimana. Tulimkuta uani akianika maharage kwenye turubai.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Fundi, karibu ukae."

Alitutandikia mkeka, akatuletea maji ya kunywa. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake imejaa sugu za jembe. Baba alisogeza kikapu mbele yake, lakini Mukeshimana hakukigusa. Alipiga magoti mbele ya baba, jambo ambalo hatukulitarajia.

"Nilikuwa nimepanga kuja kwako mwenyewe, fundi, magoti yakanikatalia," alisema. "Nataka unisamehe. Nimeambiwa mwanangu alikuwa na simu kazini. Umefunga karakana kwa ajili ya uzembe wake, na watoto wako wanakula kwa karakana hiyo. Nimemlea peke yangu. Kama sikumfundisha kuwa makini, kosa ni langu mimi."

Baba alikuwa ameshika kikombe cha maji. Alikiweka chini.

"Inuka, Mama Fabrice," alisema. "Tafadhali, inuka."

"Kwanza niambie umenisamehe."

"Mwanao hakuwa na simu." Sauti ya baba ilikauka. "Aliizima mashine. Mimi niliiwasha."

Mukeshimana hakuinuka mara moja. "Uliiwasha yeye akiwa ndani?"

"Alikuwa bado yuko nje. Niliiwasha wakati umeme haupo. Nilikuwa nimemwahidi kwamba sitaigusa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe."

"Mtu anawasha mashine ya nini umeme haupo?"

Ilimbidi baba aeleze. Alieleza habari ya kuketi nje, ya sauti inayowaita, hata ya mama mkwe. Nilikuwa nimeyasikia mambo hayo mara nyingi yakichekesha. Pale uani, mbele ya mama yule na maharage yake, yalikuwa mambo madogo mno, ya aibu.

"Iwaite," Mukeshimana alirudia polepole. "Hamna macho?"

"Tunayo."

"Na siku zote hizi umekuwa ukikaa kando ya kitanda chake."

"Ndiyo."

"Ukimsikiliza akijilaumu."

"Ndiyo, mama."

Hapo akainuka. Hakupaza sauti. Alikichukua kikapu, akakiweka miguuni pa baba. "Chukua vitu vyako. Maneno haya si yangu. Si mimi ninayelala nikiitilia shaka akili yangu. Mpelekee mwenyewe, leo, kabla hujafika kwako."

Tulikwenda moja kwa moja. Fabrice alikuwa ameketi kitandani, akijaribu kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Safari hii baba hakusimama dirishani. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Uliizima, Fabrice," alisema. "Mimi niliipandisha. Akimana aliniona. Nilivunja ahadi yangu, na baada ya hapo nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi."

Fabrice alikiweka kijiko chini. "Kwa hiyo niliizima."

"Uliizima."

"Rudia, mzee."

"Uliizima, mwanangu. Umeme ulipokatika tu, ulikwenda ukaizima."

Fabrice aligeukia ukutani. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Vidole ningevizoea. Nilichokuwa nashindwa ni kudhani kwamba nimerukwa na akili." Baba alimwomba msamaha. Fabrice hakukubali wala kukataa. Alisema, "Nipe muda, mzee," na baba akasema, "Nimekupa."

Kesho yake baba alimwita Xavery karakanani, akafungua mlango uliokuwa umefungwa tangu ajali, akamweleza yote palepale mbele ya mashine. Xavery aliinamisha kichwa.

"Habari ya simu niliianzisha mimi," alisema. "Niliulizwa na watu, nikaona nijibu kitu."

"Basi nenda ukawaambie walewale," baba alisema. "Nami nitafuatana nawe." Walikwenda pamoja mpaka bombani. Sijui walisema nini, lakini sikuyasikia tena maneno ya simu.

Fabrice alipotoka hospitalini alikuja karakanani, mkono ukiwa ndani ya kombeo la kitambaa. Alisimama mbali kidogo na msumeno. Mimi, baba na Xavery tulisimama naye. Nilidhani atalia, lakini alizungumza nami kama mwalimu.

"Sikiliza, Akimana. Mashine iliyonyamaza haijazimwa. Imenyamaza tu. Usiutie mkono wako ndani yake mpaka umeukata umeme wewe mwenyewe, na unaona kwa macho yako, wakati huohuo, kwamba bado umekatwa. Usiseme 'niliizima asubuhi'. Usiseme 'fulani ameniahidi'. Na ukimwona mtu mzima anakosea kwenye mashine, mwambie palepale. Kumwambia si kumvunjia heshima."

"Hata akiwa baba?" niliuliza.

Baba ndiye aliyejibu. "Hasa akiwa baba. Na jambo jingine nililojifunza ni hili: siku ile aliponiambia anaogopa, nilimpa ahadi. Ahadi haikutosha. Nilipaswa kubadilisha swichi. Mimi nilimpenda Fabrice, na nilikuwa na nia njema, na mkono wangu bado ulikwenda ulikozoea. Penye msumeno, usalama wa mtu usitegemee kumbukumbu ya mtu mwingine."

Baba alimleta fundi umeme, akaifunga swichi inayojizima yenyewe umeme unapokatika, pamoja na plagi inayochomolewa na kuwekwa juu ya meza, mahali ambapo kila mtu anaiona, kabla mkono wowote haujaugusa msumeno. Juu ya meno ya msumeno pana kinga ya bati. Vibanzi hutolewa kwa kijiti, na watoto hatuingii tena ndani wakati wa kazi. Maranda tunayachukua mlangoni. Fabrice amerudi, lakini si kwenye mashine. Anapima na kuchora kwa mkono wa kushoto, na mistari yake bado haijanyooka.